Tudor au Nyali? Kuchagua mtaa wa kuishi Mombasa

Mtu akihamia Mombasa, jina la kwanza analotajiwa na dalali ni Nyali. Ufuo uko karibu, majumba ya maduka yapo, mikahawa imefuatana Links Road, na ukisema unakaa huko hakuna anayekuuliza ni wapi. Kodi ikimshinda, anapelekwa Bamburi au Kiembeni. Akisema anapenda nyumba zenye historia, anaonyeshwa ghorofa ya juu Mji wa Kale. Akiwa na pesa na hataki kuvuka daraja, anapelekwa Kizingo. Tudor hutajwa mwisho, tena kwa sauti ya chini, kama mahali pa kujishikiza hadi nyumba ya maana ipatikane.

Mimi nimepanga ng'ambo ya daraja na nimepanga kisiwani, na sasa nakaa Tudor kwa hiari yangu. Naandika kwa ajili ya anayesimama katikati ya mitaa hii akijiuliza aweke depoziti wapi. Msimamo wangu nautoa mapema: raha za Nyali, Kizingo na Mji wa Kale zinafuatika kwa tuktuk, jioni moja ukaenda ukarudi. Usingizi, jirani anayekujua kwa jina, na safari fupi ya kazini huwezi kuvifuata mtaa mwingine. Lazima vikukute pale unapolala. Hata hivyo wapo watu ambao Tudor haitawafaa, na hao pia nitawataja.

Mitaa ilivyokaa

Kisiwa cha Mombasa ni kidogo, kama kilomita 14 za mraba. Mji wa Kale uko mashariki, ukitazamana na bandari ya zamani, na Fort Jesus ikiwa mlangoni pake. Kizingo iko ncha ya kusini, bahari kuu mbele yake. Tudor iko kaskazini, kando ya hori linaloingia ndani nyuma ya kisiwa, penye mikoko na maji yasiyo na mawimbi. Nyali haiko kisiwani kabisa. Iko bara ya kaskazini, ng'ambo ya daraja.

Kutoka Tudor, daraja hilo liko kilomita chache tu, na soko la Marikiti vilevile. Tom Mboya ndiyo barabara kubwa ya mtaa, na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kiko pale pale. Hospitali Kuu ya Pwani iko karibu kiasi cha kufika kabla mgonjwa hajamaliza kusimulia anaumwa wapi. Lakini Tudor si kitu kimoja. Kuna nyumba za chini zenye ua na mwembe, kuna magorofa mapya yaliyobanwa kwenye viwanja vidogo, kuna nyumba za kaunti za zamani, na ukishuka majini kuna Moroto, ambako familia nyingi zinaishi zimebanana na huduma ni chache. Dalali akikuambia "ni Tudor", swali linalofuata ni Tudor ya upande gani.

Daraja

Kwa mfanyakazi wa mjini, hili ndilo jambo linaloamua kuliko yote, na ndilo ambalo watu hawalipimi mpaka wamekwisha kuhama.

Daraja la Nyali la sasa lilifunguliwa 1980 likachukua nafasi ya lile la kuelea lililowekwa 1931. Tangu hapo bara ya kaskazini imejaa: Kongowea, Kisauni, Mshomoroni, Bamburi, Utange, Shanzu, hadi Mtwapa ambayo tayari ni Kaunti ya Kilifi. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 katika Kaunti ya Mombasa, na wale wanaolala kaskazini na kufanya kazi mjini wanapita juu ya daraja hilo hilo. Hakuna njia nyingine ya karibu.

Simama Kengeleni siku ya kazi saa moja asubuhi, hapo penye kengele ya zamani ya Freretown, kijiji cha watumwa walioachwa huru kilichoanzishwa 1875. Matatu zimekaa ubavu kwa ubavu, tatu mahali pa mbili. Makanga ameshuka, anatembea mbele ya gari lake mwenyewe akipiga bodi kwa kiganja. Ndani, mwanafunzi ameweka daftari kwenye goti anamalizia hesabu, na mama aliyekaa dirishani anavua ndara na kuvaa viatu vya ofisini. Vijana wawili wanachoka kungoja, wanalipa, wanashuka, wanashika njia ya miguu juu ya daraja. Watafika Buxton, upande wa kisiwani, kabla ya matatu waliyoiacha.

Anayekaa Tudor na kufanya kazi mjini, bandarini au mahakamani hana habari na hayo. Anapanda matatu au tuktuk, na siku ya jua la upole anaweza hata kutembea. Akiwa na kazi Nyali, anavuka daraja kinyume cha msafara: asubuhi magari mengi yanaingia kisiwani, jioni mengi yanatoka. Akisafiri, anatoka kwa upande wa Makupa moja kwa moja hadi uwanja wa ndege au stesheni ya Miritini ya SGR, ile reli mpya ya Nairobi. Wa Nyali lazima kwanza avuke daraja, akate kisiwa, ndipo aanze safari yenyewe.

Lakini kama kazi yako iko kwenye hoteli za Bamburi au Shanzu, na zamu yako inaisha saa tano usiku, usijitese. Kaa kaskazini. Kuvuka daraja kila usiku kwa bodaboda ili tu useme unakaa mtaa uliotulia hakuna maana.

Maji

Maji ya mfereji ya Mombasa yanatoka mbali: chemchemi za Mzima kule Tsavo, visima vya Baricho kando ya mto Sabaki, Marere na Tiwi upande wa Kwale. Yakishagawanywa hayatoshi, na mitaani hufika kwa zamu. Kwa hiyo usiulize kama nyumba ina mfereji. Uliza mfereji hutoka siku gani, saa ngapi, na siku nyingine watu wa jengo hilo wanatumia nini.

Magorofa mengi ya Nyali yamechimba kisima. Kisima kilicho karibu na bahari hutoa maji ya chumvi, na chumvi ina makali yake. Sabuni haitoi povu, nywele zinakakamaa, nguo nyeupe zinapoteza weupe wake, na bomba la kuogea linaota ukoko mpaka matundu yanaziba. Chai haipikiki kabisa. Maji matamu yanaletwa na boza, na gharama yake inaingia kwenye ada ya mwezi ya jengo, ile ambayo tangazo la nyumba halikuitaja. Kwenye jengo linalosimamiwa vizuri hutaona shida: tangi limejaa, pampu inafanya kazi, na fundi anajulikana. Kwenye jengo linalosimamiwa vibaya, utakuwa ghorofa ya sita na ndoo mkononi.

Tudor nayo ina visima vya chumvi, tena vingi. Faida yake ni kwamba mtaa ni wa zamani na njia za kupata maji ni nyingi na ziko karibu. Mfereji ukitoka usiku, jirani atagonga dirisha. Usipotoka, kuna msikiti wenye kisima, na kuna wale vijana wa mikokoteni. Yuko anayetuuzia sisi: huja na mitungi ya lita 20 imefungwa kamba, anaweka jiwe nyuma ya gurudumu, kisha anaipandisha begani mmoja mmoja hadi ghorofa ya pili. Akifika jikoni anaiinamisha juu ya pipa polepole, maji yanaingia yote, sakafu inabaki kavu. Anakuambia bila kuulizwa kama leo amechota mfereji au kisima. Uaminifu wa namna hiyo hujengwa na mtaa ambao watu wake hawahami kila mwaka.

Utakapokwenda kuona nyumba, popote pale, fungua bomba la jikoni uonje. Dalali atasema maji ni matamu. Ulimi wako utajua.

Usiku

Tangu treni ya SGR ianze 2017, kuja Mombasa kwa wikendi kumekuwa rahisi kwa mtu wa Nairobi, na nyumba nyingi za Nyali sasa zinakodishwa kwa siku. Kwa mwenye nyumba ni biashara nzuri, nami simlaumu. Kwa mpangaji wa kudumu maana yake ni kwamba jirani wa ukutani hubadilika kila Ijumaa. Masanduku yanakokotwa kwenye ngazi usiku wa manane, spika inawekwa kwenye roshani, na asubuhi ukitaka kulalamika hujui umlalamikie nani, maana walioimba wamekwisha kuondoka. Desemba na Pasaka ndiyo kilele chake.

Si Nyali yote iko hivyo. Ukiingia ndani, zile njia za nyumba za chini karibu na uwanja wa gofu, kumetulia kuliko hata Tudor. Unasikia ndege tu na fagio la mtunza bustani. Ila hizo ni nyumba za mwenye gari na mwenye uwezo. Mpangaji wa kawaida huishia kwenye magorofa ya karibu na barabara kubwa, na huko ndiko kelele ziliko.

Utulivu wa Tudor ninaousema si ukimya. Alfajiri kuna adhana, kutoka misikiti zaidi ya mmoja. Alasiri watoto wa madrasa wanapita wakipiga kelele. Wikendi kunaweza kuwa na harusi, turubai likafungwa katikati ya njia na ngoma ikapigwa mpaka usiku. Mechi kubwa ya mpira ikichezwa, utajua nani kafunga hata kama huna televisheni. Lakini kelele hizi zina mwenyewe na zina saa yake. Harusi ya jirani umealikwa. Saa nne ya usiku wa kawaida, muuza kahawa amekwisha kukusanya vikombe vyake, duka la kona limeshusha mlango, na kinachobaki ni feni yako.

Kula, kununua, kutoka

Hapa Nyali inashinda, na haina haja ya kupigiwa debe. Kuna City Mall, kuna Nyali Centre, kuna sinema, kuna mikahawa ya kukaa na tarakilishi ukafanya kazi mchana kutwa bila kuangaliwa vibaya. Ufuo uko pale: asubuhi maji yakipwa unatembea mchangani hadi mbali, watoto wanacheza kwenye vidimbwi vya miamba. Tudor haina mchanga. Ina tope na mikoko, na maji yakitoka kuna harufu, na nyumba zilizo karibu na hori zina mbu. Mtu ambaye moyo wake hautulii bila kuona bahari ya mawimbi kila siku ataipenda Nyali kila akifungua dirisha, na sidhani nina hoja ya kumgeuza.

Kwa tumbo la kila siku, mambo yanabadilika. Tudor, kabla jua halijapanda vizuri, kuna mahamri na mbaazi za nazi hatua chache kutoka mlangoni. Jioni kuna viazi vya karai, bhajia, mishkaki, mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu. Wanafunzi wa chuo wamefanya vibanda vya chakula na maduka ya kupiga chapa yawe mengi na ya bei nafuu. Ukitaka viungo, kitambaa au samaki, Marikiti na Biashara Street ziko upande huu. Ukitaka mboga na matunda kwa gunia, Kongowea iko upande ule wa daraja. Tudor imekaa katikati ya masoko hayo mawili, jambo ambalo mpishi wa nyumbani atalielewa haraka.

Kuna na lile daftari la duka la kona. Stima ikikatika katikati ya mapishi na tokeni zimekwisha, mwenye duka anakununulia, anaandika, unalipa kesho. Supamaketi haina daftari hilo.

Majirani

Mwezi wa Ramadhani ndio unaoonyesha tofauti ya mitaa hii waziwazi.

Mji wa Kale baada ya futari barabara zinajaa. Kaimati, mkate wa sinia na vitumbua vinauzwa njiani, na watu wako nje mpaka karibu na daku. Nyali mikahawa huandaa futari za kulipia, meza zinawekwa nafasi, familia zinakuja zimevaa vizuri. Tudor, nusu saa kabla ya magharibi, watoto wanapita na sahani zilizofunikwa kitambaa. Moja inakuja kwako. Huirudishi tupu: unatia tende, au kipande cha muhogo wa nazi, au chochote ulichopika. Mkristo naye anapelekewa, na Krismasi sahani zinakwenda upande wa pili. Anayehamia mtaani akiwa hajui mtu, hapo ndipo anapojulikana.

Msiba ukitokea, viti vinatoka nyumba zote bila mtu kutuma ujumbe. Magorofani Nyali kuna kundi la WhatsApp la jengo, na pia wapo majirani wema, nimewapata. Ila mlinzi getini ndiye anayewajua watu wote, wao kwa wao hawajuani.

Upande wa pili wa jambo hili lazima usemwe. Mtaa unaojuana una macho. Watajua umerudi saa ngapi, na nani, na kwamba wiki hii hukwenda kazini. Kijana anayeanza maisha na anataka nafasi yake, au mwanamke anayeishi peke yake na amechoka kuulizwa maswali, anaweza kuona Nyali inampumzisha kwa sababu tu hakuna anayemwangalia. Hilo ni hitaji la kweli, na mtu alipe uzito anapochagua. Mimi macho hayo yananipa usalama: mgeni akisimama mlangoni kwangu mchana, mama wa nyumba ya mbele ameshamuuliza anamtafuta nani.

Mji wa Kale na Kizingo

Mji wa Kale ni mahali pa kupendwa, na kila wiki nakwenda. Kuishi ni jambo jingine. Ngome yake, Fort Jesus, ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, na tangu 2011 imo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Mtaa wenyewe nao unalindwa kisheria, kwa hiyo huwezi kuvunja ukuta, kubadilisha mlango wa nakshi au kuongeza ghorofa bila idhini ya wahifadhi. Hilo limeokoa nyumba nyingi, na nalishukuru. Kwa mpangaji, tafsiri yake ya kila siku ni ngazi zenye mwinuko mkali, mabomba ya zamani yanayovuja ndani ya kuta za mawe, na fundi asiyeweza kuchimba apendavyo. Gari huna pa kuliweka. Kabati lako la nguo pengine halitapita kwenye kichochoro, litapandishwa kwa kamba kupitia roshani.

Mwenye damu ya pale, mwenye shangazi Kibokoni na binamu Ndia Kuu, hayo hayamsumbui, ana watu. Mgeni anayekuja kwa ajili ya picha nzuri za milango atapata mapenzi ya miezi michache kisha atahesabu ngazi. Ushauri wangu kwake ni akae Tudor au Ganjoni, aende Mji wa Kale jioni akanywe kahawa tungu barazani, arudi. Kwa tuktuk ni safari fupi.

Kizingo ina bahari kuu, mibuyu mikubwa, Ikulu, shule nzuri, na hospitali za kibinafsi karibu. Upepo wa bahari unaingia moja kwa moja kutoka majini, na kwa anayelijua joto la Februari na Machi hilo si jambo dogo. Tudor imejificha nyuma ya kisiwa na hupata upepo mchache. Lakini tangu Mama Ngina Drive ikarabatiwe na sherehe za Mashujaa kufanyika pale Oktoba 2019, mji mzima hukutana huko. Jumamosi na Jumapili jioni magari yamepangwa njia nzima, familia zimetandika mikeka, mihogo inakaangwa, madafu yanakatwa. Raha tupu kwa aliyekuja. Kwa anayekaa pale, kuingia na kutoka nyumbani jioni hiyo ni kazi. Nyumba za chini zenye bustani nazo zinavunjwa moja baada ya nyingine, magorofa marefu yanapanda. Na chumvi ya hewani, Kizingo kama Nyali ya ufuoni, inakula vyuma: grili za madirisha, mgongo wa friji, bawaba za milango. Ongeza rangi na fundi kwenye hesabu yako ya mwaka.

Ganjoni nimeitaja kwa kupita. Kama Tudor itakukosesha nyumba, itazame hiyo: iko karibu na mji, ina nyumba za zamani imara, na usiku huwa shwari kuliko mtu anavyotarajia kwa mtaa ulio karibu hivyo na Moi Avenue.

Kodi na kununua

Kwa idadi ile ile ya vyumba, Kizingo na Nyali ya ufuoni ndizo ghali, Nyali ya ndani inafuata, Tudor iko chini yake. Lakini usilinganishe kodi tupu. Nyali ongeza ada ya jengo, maji ya boza, na nauli ya kuvuka daraja kila siku au mafuta ya gari. Tudor ongeza feni nzuri, neti za madirisha na pipa kubwa la maji. Ukiandika hesabu zote mbili kwenye karatasi moja, tofauti mara nyingi huwa kubwa kuliko ile ya tangazo.

Anayetaka kununua kisiwani aende pole. Mombasa kuna utaratibu wa siku nyingi wa nyumba bila ardhi: nyumba ina mwenyewe, kiwanja kina mwenyewe mwingine, na mwenye nyumba humlipa mwenye ardhi kodi ya kiwanja. Si utapeli, watu wameishi hivyo vizazi na vizazi. Ila ukidhani umenunua vyote viwili kumbe umenunua kuta na paa, mgogoro utarithiwa na wanao. Wakili, na upekuzi kwenye ofisi ya ardhi, kabla ya senti moja kutoka.

Tena, utulivu wa Tudor hauna hatimiliki. Kaunti imekuwa na mpango wa kubomoa nyumba zake za zamani na kujenga magorofa, na Buxton, jirani kabisa, imekwisha kubadilika. Nyumba mpya zinahitajika, sipingi. Ninachotaka ni maji, mabomba ya maji taka na njia viongezwe kabla ya ghorofa kuongezwa, maana sehemu kubwa ya mji huu bado inategemea mashimo ya choo, na kiwanja kilichohimili familia mbili hakiwezi kuhimili arobaini kwa shimo lile lile. Angalia kiwanja kilicho wazi karibu na nyumba unayoitaka. Uliza ni cha nani na kitajengwa nini.

Kabla ya kulipa depoziti

Usiione nyumba mara moja tu, tena mchana wa Jumanne wakati mtaa mzima uko kazini. Nenda Ijumaa usiku usikilize. Nenda siku mvua ya masika imenyesha uone maji yanasimama wapi, maana kuna njia Tudor na Kisauni zinazogeuka bwawa. Kama nyumba iko karibu na hori, nenda wakati wa bamvua, maji yakijaa kabisa, uone yanafika wapi na yakitoka yanaacha harufu gani. Pitia safari yako ya kazini kwa saa ile ile utakayoipita kila siku, kwa chombo kile kile. Dalali anayetaka ada ya kuonyesha nyumba kabla hujafika mlangoni, mwache. Na muulize mpangaji wa chini, yeye na si dalali, mwezi uliopita alilipa maji kiasi gani, na choo kilinyonywa lini mara ya mwisho.